Kupanga nyumba kwa mashine ya lebo ya mkononi: mwongozo kamili

Makopo matano ya plastiki yanayofanana, ndani yake sembe, dona, unga wa ngano, unga wa muhogo na unga wa lishe: hapo hata mpishi mzoefu hufungua vifuniko viwili vitatu kabla ya kupata anachotaka. Mashine ya lebo humaliza usumbufu huo kwa dakika chache. Lakini utepe mwingi huishia kwenye pipa la taka kwa sababu mwenye mashine alichapa kwanza, akapanga baadaye. Lebo huja mwisho, kitu kikishapata mahali pake pa kudumu, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Mashine inachapaje?

Kabla ya kununua, jua mashine yako inachapa kwa njia gani, maana hilo ndilo linaloamua lebo itadumu jikoni miaka au miezi.

Mashine nyingi za Brother P-touch hutumia kaseti za TZe. Ndani ya kaseti kuna filamu angavu, utepe wa wino na ukanda wa chini wenye gundi. Kichwa cha kuchapia hupata joto, wino hugandia upande wa ndani wa ile filamu angavu, kisha ukanda wa gundi hubanwa juu yake. Maandishi yanabaki katikati ya tabaka mbili, kwa hiyo mafuta, maji na sabuni haviyafikii. Kucha haiwezi kuyakwangua.

DYMO LabelManager hutumia kaseti za D1. Nazo zina wino unaohamishwa kwa joto, ila wino unakaa juu ya plastiki bila kufunikwa. Ni imara kwa droo, mafaili na masanduku ya nguo, lakini kopo linalosuguliwa kila wiki litaanza kufifia maandishi.

Kundi la tatu halina wino kabisa. DYMO LetraTag na mashine ndogo za simu kama Niimbot D11 hutumia utepe ambao wenyewe hugeuka mweusi ukiguswa na joto la kichwa. Ni rahisi kutumia na hakuna wino wa kuisha. Tatizo ni kwamba utepe huo hautofautishi joto la mashine na joto la jiko. Ukiubandika karibu na jiko au dirishani panapopigwa na jua, mandharinyuma huweza kusawijika au maandishi yakapauka. Mafuta na spiriti navyo huuharibu.

Kwa jikoni, bafuni na nje ya nyumba, chukua mashine ya TZe. Kwa kabati la nguo na rafu ya vitabu, yoyote inatosha, na hapo usijilazimishe kutumia fedha nyingi.

Kabla ya kulipia mashine, uliza kaseti zake zinapatikana wapi. Kaseti hazibadilishani: D1 haiingii kwenye LetraTag ingawa zote ni za DYMO, na TZe haiingii kwenye mojawapo ya hizo. Niimbot husoma chipu iliyo ndani ya roli, kwa hiyo roli ya kampuni nyingine isiyo na chipu hukataliwa. Mashine ya mtumba ya bei ya kutupa isiyo na kaseti mjini kwako ni mzigo tu. Linganisha pia urefu wa utepe, usiangalie bei ya kaseti peke yake: TZe ya kawaida ina mita 8, D1 mita 7, LetraTag mita 4.

Kusoma namba ya kaseti

Namba za TZe zina mpangilio, na ukiujua hutauziwa kaseti usiyoitaka. Chukua TZe-231. Tarakimu ya kwanza ni rangi ya utepe: 1 ni angavu, 2 nyeupe, 4 nyekundu, 5 buluu, 6 njano, 7 kijani. Ya pili ni upana: 1 ni milimita 6, 2 ni 9, 3 ni 12, 4 ni 18, 5 ni 24. Ya tatu ni rangi ya maandishi: 1 nyeusi, 2 nyekundu, 3 buluu, 5 nyeupe. Kwa hiyo 231 ni maandishi meusi juu ya nyeupe, upana milimita 12, na TZe-621 ni meusi juu ya njano, milimita 9.

Herufi mbele ya namba zina maana pia. S, kama TZe-S231, ni gundi kali kwa sehemu zenye chembechembe. FX ni utepe laini wa kuzungushia nyaya. FA ni kitambaa cha kubandika kwa pasi.

Angalia upana wa juu kabisa ambao mashine yako inapokea. Mashine nyingi ndogo za mkononi huishia milimita 12, na ukinunua kaseti ya 18 haitaingia. Kwa nyumba nzima, anza na TZe-231 mbili na ya njano moja ya kuonya. Utepe angavu unapendeza picha, lakini juu ya kopo la kioo lenye dengu au choroko maandishi meusi hupotea kabisa. Kopo tupu dukani halikuonyeshi hilo.

Kuna kaseti za kopi za bei nafuu. Nyingine zinafanya kazi vizuri, nyingine wino wake hulegea ndani na kukwama. Ukitaka kujaribu, nunua moja kwanza, uimalize, ndipo ununue za akiba.

Panga kwanza, kwa utepe wa karatasi

Toa kila kitu kwenye kabati moja. Moja tu: ukitoa vyote vya jikoni kwa mpigo utalala na vyombo sakafuni. Tupa vilivyoharibika, unganisha pakiti mbili za kitu kimoja, kisha panga kwa matumizi: vya kila siku usawa wa kifua hadi macho, vizito chini, vya sikukuu juu.

Sasa usiiguse mashine. Chukua utepe wa karatasi wa mafundi rangi na kalamu ya wino mzito, andika majina kwa mkono, bandika. Ishi hivyo wiki moja. Utaona sukari imerudi karibu na birika ingawa uliiweka kwenye rafu ya nafaka, na sufuria za chini zimehamia juu. Watu wa nyumbani wanakuonyesha mahali halisi pa kila kitu. Kilichotulia wiki nzima ndicho cha kuchapiwa lebo.

Jambo jingine linalookoa utepe ni kutofautisha lebo ya mahali na lebo ya kilichomo. Rafu inayoandikwa “Nafaka” itabaki na nafaka miaka mitano. Kopo lililoandikwa “Mchele wa Mbeya” litakuwa na mchele wa kutoka kwingine mwezi ujao. Chapa yale yasiyobadilika. Yanayobadilika, kama tarehe ya kufungua, kiporo cha maharage au supu ya kugandisha, yaachie utepe wa karatasi na kalamu.

Maneno ya kuandika

Andika jina ambalo anayepika anatamka. Hili linaonekana dogo mpaka uje kwenye viungo. Binzari nyembamba ya mmoja ni uzile wa mwingine na jira ya wa tatu. Giligilani ya Tanzania ni dania ya Kenya. Neno “Bizari” peke yake ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mmoja analielewa kama manjano, mwingine kama mchanganyiko wa mchuzi, mwingine kama ile nyembamba. Kama nyumba ina wapishi wawili wa kwao tofauti, tumia mistari miwili: juu “Binzari nyembamba”, chini “Jira”.

Neno linalotofautisha ndilo litangulie kama nafasi ni ndogo. Makopo matano yakianza na “Unga wa”, jicho linalazimika kusoma hadi mwisho wa kila moja. Andika “Sembe”, “Dona”, “Ngano”, “Muhogo”, “Lishe”. Rafu yenyewe ndiyo iandikwe “Unga”. Utakuwa umeokoa pia karibu nusu ya utepe.

Tumia herufi kubwa mwanzoni tu. “MDALASINI” kwa herufi kubwa zote hula utepe zaidi ya “Mdalasini” na haisomeki vizuri zaidi. Herufi kubwa zote ziachie maonyo: “SUMU”, “MOTO”, “USIZIME”. Kiswahili hakihitaji alama za ajabu juu ya herufi, kwa hiyo kibodi ya mashine inatosha, ila kwa majina yenye ng' itabidi uitafute alama ya ritifaa kwenye orodha ya alama. Ipate mara moja, ukumbuke ipo wapi.

Kuhusu ukubwa: mashine ndogo ikiwa na utepe wa milimita 12 huchapa herufi zenye urefu usiozidi milimita 9 kwa mstari mmoja. Hizo zinasomeka ukiwa umesimama upande wa pili wa jiko. Ukigawa mistari miwili, kila mmoja unabaki na kama milimita 4, zinazotosha kwa kitu unachokishika mkononi lakini hazifai kwa rafu ya juu. Kama kuna mzee nyumbani anayevaa miwani ya kusomea, lebo za dawa na viungo zibaki mstari mmoja.

Kuchapa, hatua kwa hatua

1. Weka betri mpya zote kwa pamoja, aina ya alkalini. P-touch nyingi ndogo hula betri 6 za AAA, zile za rimoti. LetraTag hula 4 za AA. Usichanganye mpya na kuukuu, kwani kuukuu huivuta chini nguvu ya zote na mashine huzimika katikati ya kuchapa.

2. Kagua kaseti. Utepe wa wino ukiwa umelegea, ukaze kwa kuzungusha kigurudumu chake kidogo kwa kufuata mshale ulioko kwenye kaseti. Hakikisha ncha ya utepe imepita kwenye njia yake na imenyooka. Usivute utepe kwa mkono ili “uone kama unatoka”: unavuta na wino, nao haurudi.

3. Bonyeza kaseti mpaka isikike imekaa, funga kifuniko, washa, kisha bonyeza kitufe cha kusogeza na ukate kipande cha kwanza. Hii hukaza ulegevu uliobaki.

4. Ingia kwenye menyu ubadilishe vipimo viwe milimita. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi huja ikiwa na inchi.

5. Pima kopo kwa rula. Lebo isizidi theluthi moja ya mzunguko wa chombo cha duara, la sivyo hutaweza kuisoma yote bila kukizungusha.

6. Andika neno, chagua fonti ya kawaida isiyo na madoido, angalia onyesho la awali. Kwa makopo yaliyo safu moja, kama mashine yako ina menyu ya urefu, weka urefu mmoja kwa lebo zote, kwa mfano milimita 50, na maandishi yakae katikati. “Chai” na “Pilipili manga” zitaonekana ndugu.

7. Chapa. Mikono mbali na tundu la kutokea. Ukivuta lebo inapotoka, herufi hurefuka au kukatika, na ukiizuia hukunjamana ndani.

8. Subiri injini inyamaze ndipo ukate.

Utepe unaopotea kwenye pambizo

Hili ndilo lalamiko kubwa la wenye mashine ndogo. Kisu kiko mbele ya kichwa cha kuchapia, kwa hiyo kila lebo hutanguliwa na kipande kitupu cha kama milimita 25. Sababu ni umbile la mashine, na menyu haiwezi kukiondoa chote.

Fanya hesabu. Lebo ya sentimita 5 pamoja na 2.5 za upotevu ni 7.5, kaseti ya sentimita 800 hutoa lebo 106. Ukitumia uchapaji wa mfululizo, ambapo mashine haitemi utepe baada ya kila lebo, upotevu hushuka hadi kama nusu sentimita, na kaseti ile ile hutoa karibu 145. Karibu lebo 40 zimeokolewa.

Kwa hiyo usichape lebo moja moja kila unapokumbuka kitu. Andika orodha kwenye karatasi, kisha chapa yote kwa kikao kimoja kwa pambizo ya mfululizo. Katika hali hiyo lebo ya mwisho inabaki ndani ya mashine. Lazima ubonyeze kitufe cha kusogeza kabla ya kukata. Asiyejua hukata mara moja na kupata nusu ya neno. Kwa pambizo nyembamba, P-touch huchapa nukta mbili mbele ya maandishi: hiyo ni alama ya mahali pa kukata kwa mkasi.

Kama mashine yako haina uchapaji wa mfululizo, andika maneno matatu kama lebo moja, acha nafasi nne kati yao, kisha tenganisha kwa mkasi. Kata pembe ziwe za mviringo kidogo, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kunyanyuka.

Kubandika

Lebo nyingi zinazoanguka hazina kosa la gundi. Zilibandikwa juu ya mafuta. Jikoni kuna ukungu wa mafuta usioonekana hata kwenye kopo lililooshwa jana, na kopo jipya la dukani huweza kuwa na utelezi wa kiwandani.

Osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha kabisa, kisha futa mahali pa lebo kwa pamba yenye spiriti. Subiri dakika moja. Pwani, msimu wa mvua, plastiki hubaki na unyevu hata ukiona imekauka. Ipitishie kitambaa kikavu mara ya mwisho.

Karatasi ya nyuma ya TZe na D1 imechanwa katikati kwa urefu. Usihangaike na kucha pembeni. Kunja lebo kidogo kwa urefu wake, upande wa maandishi ukiwa ndani, na mpasuko utafunguka wenyewe. Bandua upande mmoja, weka lebo kwa kufuata ukingo wa kipande cha utepe wa karatasi ulichobandika kama rula, bonyeza, kisha toa upande wa pili. Sugua kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni kwa sekunde 10 hivi. Usioshe chombo hicho kwa siku nzima, kwani gundi huendelea kushika kwa muda wa kama saa 24.

Bandika kwenye mwili wa kopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko vya makopo yanayofanana hubadilishana siku ya kwanza ya kuosha, na chumvi ikawa sukari. Isipokuwa droo ya viungo unayoitazama kwa juu: hapo weka kote kuwili.

Sehemu zisizoshika ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: vikapu vya ukindu, mbao isiyopigwa rangi, vyungu vya udongo, ukuta wa chokaa, na plastiki yenye chembechembe. Kwa plastiki hiyo tumia gundi kali. Kwa kikapu na chungu, bandika lebo kwenye kadi ngumu au kipande cha plastiki, toboa tundu, funga kwa kamba. Chupa nyembamba kama za ladha ya vanila huifanya lebo inyanyuke mwisho, kwa sababu utepe unataka kurudi kunyooka. Ielekeze wima kwa urefu wa chupa badala ya kuizungusha.

Vya friji ya kugandisha vibandikwe vikiwa vikavu na vyenye joto la kawaida, ndipo viingie kwenye baridi. Lebo ya TZe iliyokwisha kushika huvumilia baridi kali, lakini haishiki kabisa juu ya umande.

Dawa, sumu na mafuta ya taa

Hapa tuwe wakali kidogo. Usihamishe mafuta ya taa, jiki, dawa ya panya au dawa ya wadudu kwenye chupa ya maji au ya soda kwa kujiamini kwamba umeweka lebo. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anatambua umbo la chupa. Viache kwenye vyombo vyake, viweke juu na kwa kufuli. Lebo ya njano “SUMU” ni ya kumkumbusha mtu mzima, haichukui nafasi ya kufuli.

Dawa zibaki kwenye pakiti zake zenye jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Chapa lebo za visanduku: “Homa na maumivu”, “Vidonda”, “Za watoto”, na kisanduku cha kila mgonjwa wa dawa za kila siku kwa jina lake. Tarehe ya kufungua dawa ya maji iandikwe kwa kalamu kwenye chupa, bila kufunika maandishi ya duka la dawa.

Umeme, gesi na nyaya

Ubao wa sakiti breka ndiyo sehemu ambayo lebo 8 au 10 zina thamani kuliko zote za jikoni. Mnahitaji watu wawili. Mmoja anasimama kwenye ubao, mwingine anatembea na chaja ya simu akichomeka kila soketi na kuwasha kila taa. Zima breka moja, andikeni kilichokufa, washa, nendeni inayofuata. Msifungue kifuniko cha ubao. Kazi yote inafanyika kwa swichi za nje. Kisha chapa kwa utepe wa njano: “Soketi jikoni”, “Taa vyumbani”, “Hita ya maji”, “Pampu”. Bandika pembeni ya swichi, usifunike namba za ampea zilizochapwa kwenye breka.

Namba ya mita ya LUKU, au ya mita ya tokeni kwa Kenya, ina tarakimu 11. Ichape ikiwa imegawanywa 4, 4 na 3 na uibandike ndani ya mlango wa kabati, ili anayenunua umeme usiku asitoke na tochi. Neno la siri la intaneti nalo lifanyiwe hivyo, ndani ya kabati na si sebuleni.

Mtungi wa gesi hubadilishwa dukani, kwa hiyo lebo ya mtungini huondoka na mtungi. Bandika ukutani juu yake “Gesi ilibadilishwa”, acha nafasi chini ya kipande cha utepe wa karatasi chenye tarehe. Baada ya mitungi mitatu utajua wa kilo 6 unakaa siku ngapi kwako.

Kwa nyaya, tengeneza bendera. Waya wa unene wa milimita 6 una mzunguko wa kama milimita 19, kwa hiyo andika “TV”, acha nafasi tupu ya sentimita 2, andika “TV” tena. Ile nafasi tupu izungushe kwenye waya, ncha mbili zigusane gundi kwa gundi, na jina litasomeka pande zote. Weka bendera sentimita 5 kutoka kwenye plagi, na nyingine upande wa pili wa waya. Nyuma ya televisheni na ving'amuzi, bendera moja tu haisaidii.

Vya mtoto wa bweni

Ndoo, sahani, kikombe, sanduku la bati, kufuli: jina kamili kwa gundi kali. Kwenye ndoo, bandika chini ya ukingo, mahali ambapo steelwire na mchanga wa kusugulia havifiki. Kwenye sanduku, bandika ndani ya kifuniko pia, kwa sababu ya nje huchubuka safarini.

Nguo za pamba zinakubali utepe wa FA, ambao TZe-FA3 yake ina milimita 12 kwa mita 3. Hakikisha kijitabu cha mashine yako kinautaja. Pasi iwe kavu bila mvuke, joto la pamba, ibonyezwe bila kusugua kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha kitambaa kipoe kabla ya kuguswa. Kola ya ndani ya shati ni mahali pazuri. Sweta usiliwekee: nyuzi zake za sintetiki huyeyuka na ufumaji haupi gundi uso wa kushika. Shonea jina.

Mashine inapogoma

Mstari mweupe unaokata herufi zote kwa urefu wa lebo ni uchafu kwenye kichwa cha kuchapia. Toa betri na kaseti, futa kichwa polepole kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, acha kikauke. Usitumie kisu wala sindano.

Maandishi hafifu au kuzimika wakati wa kuchapa ni betri, hata kama skrini inawaka vizuri, kwa sababu kupasha kichwa kunahitaji nguvu zaidi ya kuwasha skrini. Kama unatumia adapta, iwe ya mashine hiyo yenyewe. Ya volti tofauti huweza kuichoma.

Utepe ukikwama, usivute kwa nguvu. Fungua, toa kaseti, kata kipande kilichokunjamana, kaza wino, rudisha. Ukikwama tena mahali pale pale, angalia kisu: gundi hujikusanya kwenye makali yake na kunasa utepe. Futa kwa spiriti, vidole mbali na makali.

Lebo tupu kwenye mashine isiyo na wino mara nyingi ina maana roli imewekwa kichwa chini. Kwenye mashine yenye wino, tazama kama wino umeisha au umelegea.

Ukiiweka mashine kabatini zaidi ya miezi miwili, toa betri. Zikivuja, chumvi yake hula vibanio. Kaseti za akiba zikae kwenye mfuko uliofungwa, gizani, mbali na jiko. Garini juani gundi huanza kutoka pembeni.

Kubandua lebo ya zamani

Pasha lebo kwa mashine ya kukaushia nywele nusu dakika, nyanyua pembe, vuta polepole kwa kulaza karibu na uso wa chombo. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, iache dakika 10, sugua kwa kitambaa, osha kwa sabuni. Kisha futa kwa spiriti kabla ya kubandika mpya. Hatua hiyo ya spiriti ikirukwa, mafuta yale yale yaliyotoa lebo ya zamani yataangusha na ya sasa.